Namna ya Kutafuta Vipuri vya Injini ya Gari-Nyumba la Zamani: Mfano wa Land Cruiser na Coaster

Anayemiliki gari-nyumba la zamani, lile ambalo wengi wetu tunaliita kempa, hukutana na ugumu wake wa kwanza kabla hajafungua boneti. Gari lake lina wazazi wawili. Mmoja alitengeneza chesisi, injini na gia boksi. Mwingine, mara nyingi miaka kadhaa baadaye na pengine katika nchi nyingine, aliweka juu yake vitanda, jiko, tangi la maji na paa linaloinuka. Jina linaloonekana ubavuni mwa gari huwa ni la huyu wa pili, na huyu wa pili hakutengeneza hata bolti moja ya injini. Kwa hiyo anayekwenda dukani akitaja jina la aliyejenga nyumba, au akitaja mwaka ambao nyumba ilijengwa, hurudi ama mikono mitupu ama na kipuri kisichoingia.

Nitazungumzia zaidi Land Cruiser za mfululizo wa 70 na mabasi madogo ya Coaster yaliyogeuzwa kuwa nyumba, kwa kuwa ndizo kempa ninazozifahamu kwa mikono yangu, na ndizo zinazoonekana zaidi katika barabara zetu. Karakana za Arusha zina uzoefu mrefu wa kurefusha Land Cruiser na kuzifungia mapaa ya safari, na magari mengi ya aina hiyo yaliyostaafu kubeba watalii au wafanyakazi wa mashirika ya misaada yamepata maisha ya pili kama nyumba za familia zinazopenda kutembea. La kwetu ni HZJ75 ya mwaka 1993 yenye injini ya 1HZ. Utaratibu nitakaoueleza, hata hivyo, unafaa kwa gari-nyumba lolote la umri huo.

Anza na bamba na bloku, si na duka

Kwenye chumba cha injini cha Toyota kuna bamba dogo la chuma lenye maandishi ya kupigwa. Litafute, lisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha lipige picha ukiwa umeweka tochi kwa ubavu ili herufi zionekane kwa kivuli chake. Hapo utapata msimbo wa modeli, namba ya chesisi, aina ya injini, na alama za gia boksi na ekseli. Msimbo wa modeli ndio ufunguo wa kila kitu kitakachofuata. Katika HZJ75, herufi HZ zinaitaja injini ya 1HZ, herufi J inaitaja jamii ya Land Cruiser, na 75 ni umbo la chesisi. BJ75 ina injini ya 3B yenye silinda nne. HJ75 ina 2H. PZJ75 ina 1PZ yenye silinda tano. FZJ75 ni ya petroli. Magari haya yakisimama pamoja kwenye maegesho, mtu asiyeyajua atadhani ni gari moja lililopakwa rangi tofauti.

Usiishie kwenye bamba. Gari lenye umri wa miaka 30 linaweza kuwa limekwisha badilishwa injini mara moja au mbili, na mwenye kulibadilisha huenda hakuwahi kumwambia mnunuzi wake. Namba ya injini imepigwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili mkuu wa injini, kwenye bapa dogo ambalo kwa kawaida limefunikwa na tope la oili na vumbi la miaka mingi. Kazi ya kuifikia ni ya uchafu na inahitaji subira: mafuta ya taa, brashi ya meno iliyochakaa, kitambaa, na kioo kidogo cha mkononi ikiwa kichwa hakipiti. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hiyo ilinichukua zaidi ya nusu saa kabla herufi ya H haijajitokeza, lakini tangu siku hiyo sijawahi tena kununua kipuri kwa kukisia. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Zikipishana, amini bloku kwa ajili ya spea, kisha shughulikia kadi kwa ajili ya sheria.

Andika pia mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa gari, kwa maana kiwanda hubadilisha vipuri katikati ya uzalishaji bila kubadilisha jina la injini. Jambo jingine linalosahaulika ni volti. Kuna Land Cruiser na Coaster za volti 12 na kuna za volti 24, na kuwa na betri mbili si uthibitisho, kwa sababu kempa nyingi zina betri ya pili kwa ajili ya taa na friji ya nyumba. Soma maandishi kwenye stata na alteneta yenyewe.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu lilitugharimu. Nilinunua plagi sita za kupashia joto injini, zote mpya, zote zenye urefu na uzi sawa na za zamani, bila kusoma volti iliyoandikwa kwenye shina lake. Asubuhi ya baridi tukiwa Karatu, injini iliwaka siku ya kwanza na siku ya pili ikakataa kabisa. Zilipofunguliwa, ncha za plagi nne zilikuwa zimevimba na kubadilika rangi kuwa buluu nyeusi, na moja ilitoka kwa taabu kubwa kwa sababu uvimbe ulikuwa umezidi tundu lake. Zilikuwa za volti 12 katika gari la volti 24. Kama ncha ile ingekatika na kuangukia ndani, tungeifungua silinda hedi yote, yaani kifuniko cha juu cha injini, kwa kosa la tarakimu mbili.

Ijue familia ya injini yako

Ukishajua injini, tafuta ni magari gani mengine yaliyopewa injini hiyo hiyo, kwa sababu hapo ndipo soko linapopanuka. 1HZ ni injini ya dizeli yenye silinda sita kwa mstari na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Ilianza kutumika mwaka 1990, na imewekwa katika HZJ75, kisha HZJ78 na HZJ79, katika HZJ80 na HZJ105, na pia katika mabasi ya Coaster kama HZB50. Kwa kuwa Toyota iliendelea kwa miaka mingi kuuza Land Cruiser mpya zenye injini hii katika masoko ya Afrika, vipuri vyake halisi vingali vikitengenezwa. Mwenye 1HZ ana bahati ambayo mwenye 2H, injini iliyotangulia yenye ujazo wa 3,980, hana.

Ndugu wa karibu wa 1HZ ni 1PZ. Injini zote mbili zina silinda yenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100. Tofauti ni kwamba moja ina silinda sita na nyingine tano, na ndiyo maana ujazo wa 1PZ ni 3,469. Baadhi ya vipuri vya ndani ya silinda huingiliana, ilhali krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), kamshafti (mhimili unaofungua vali) na silinda hedi haziwezi kamwe kuingiliana. Kwa upande mwingine kuna 1HD-T, ambayo kwa nje inafanana sana na 1HZ na hata ujazo wake ni ule ule, lakini ina tabo na dizeli yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni yenye shimo. Katika 1HZ mwako huanzia katika vyumba vidogo vilivyomo ndani ya silinda hedi. Pistoni na silinda hedi za injini hizi mbili hazibadilishani, hata muuzaji akiapa. Ukipata 1HD-T nzima ya miaka ya mwanzo ya 1990 na ukafikiria kuifunga kwenye kempa yako, fungua kwanza sampu, yaani trei ya oili iliyo chini ya injini, na ukague beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenkshafti, kwa kuwa injini za miaka hiyo zinafahamika kwa kuzila mapema.

Coaster ni chanzo kizuri cha injini na nusu injini (bloku na vya ndani yake bila silinda hedi) za 1HZ, na kwa muda mrefu nimeona watu wakizipita kwa sababu tu hazikuitwa Land Cruiser. Ni kweli kwamba sampu, mrija wa kunyonyea oili, maunti (vishikizo vya injini kwenye chesisi) na baadhi ya vitu vya nje hutofautiana, kwa maana injini ya basi hukaa katika nafasi nyingine. Lakini bloku, krenkshafti, pistoni na vingi vya ndani ni vya ukoo mmoja. Anayenunua injini ya Coaster kwa ajili ya Land Cruiser ahakikishe anabaki na sampu, manifoldi na maunti za injini yake ya zamani, wala asizitoe kama sehemu ya malipo kabla injini mpya haijakaa mahali pake.

Kipuri hununuliwa kwa namba

Niliwahi kuingia duka moja la Gerezani, Dar es Salaam, nikaomba gasketi ya silinda hedi ya "mkonga", kama Land Cruiser hizi zinavyoitwa mtaani. Mama mwenye duka alinitazama kwa upole akasema, "Baba, mkonga ni lile bomba la kuvutia hewa. Injini yake ni ipi?" Nikamjibu kuwa ni 1HZ. "Sawa. Una namba, au umekuja na sampuli?" Sikuwa na hata kimoja, akanirudisha gereji. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu angeweza kunipa gasketi yoyote na kupokea fedha.

Namba ya kipuri cha Toyota huwa na makundi mawili ya tarakimu tano, ambayo wakati mwingine hufuatwa na tarakimu nyingine mbili. Kundi la kwanza hutaja aina ya kipuri: 11115 ni gasketi ya silinda hedi, 13101 ni pistoni, 13568 ni mkanda wa taimingi, 16100 ni pampu ya maji, 23600 ni nozeli pamoja na kishikio chake. Kundi la pili hutofautisha injini na toleo. Mtu akikuuzia mkanda wa taimingi ambao namba yake haianzi na 13568 na akadai kuwa ni halisi wa Toyota, una sababu ya kuuliza swali la pili.

Namba hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusoma kwenye kipuri chenyewe au kwenye boksi lake la zamani. Ya pili ni kumpelekea wakala wa Toyota namba kamili ya chesisi na kumwomba aitafute katika katalogi yake ya kompyuta. Fanya hivyo hata kama huna nia ya kununua kwake, kwa kuwa kumuuliza bei ni haki ya mteja. Ya tatu ni katalogi zilizoko kwenye intaneti, ambazo hufaa sana kwa michoro yake, kwa maana mchoro hukuonyesha na vile vidude vidogo unavyoweza kuvisahau: washa, sili ya pembeni, pini ya kuweka sawa. Kumbuka kwamba Toyota hubadilisha namba za zamani kwa mpya. Muuzaji akikupa kipuri chenye namba tofauti na yako akisema ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, mwombe akuonyeshe mabadiliko hayo kwenye katalogi yake; mara nyingi atakuwa anasema kweli.

Vipuri vingine havitoshi kwa namba peke yake. Katika baadhi ya injini za dizeli za Toyota, gasketi ya silinda hedi hutolewa kwa unene zaidi ya mmoja, na unene unaofaa huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni zinavyotokeza juu ya uso wa bloku. Kabla ya kutupa gasketi ya zamani, itafute alama kwenye ukingo wake, iwe herufi au tundu, na umwonyeshe fundi. Themostati nazo huwa na joto tofauti la kufunguka, kwa mfano nyuzi 76, 82 au 88, nalo limepigwa kwenye chuma chake. Kempa iliyobeba maji, mitungi na watu sita ikipanda mlima wa Kitonga mchana haina sababu ya kupewa themostati iliyokusudiwa nchi za baridi.

Pa kutafuta, na kwa mpangilio gani

Si kila kipuri kinastahili bei ya wakala, na si kila kipuri kinastahili kutafutwa mtumbani. Msimamo wangu ni huu: mkanda wa taimingi na roli yake ya kukaza, gasketi ya silinda hedi, na sili za krenkshafti na kamshafti nanunua halisi, au za mtengenezaji anayejulikana, hata ikinilazimu kusubiri. Katika 1HZ mkanda ni mfupi. Pampu ya dizeli huzungushwa kwa giya, na mkanda huo huipeleka nguvu kwenye kamshafti. Toyota iliweka taa ya kukumbusha ubadilishwe kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika injini ikizunguka, pistoni hukutana na vali, na hasara yake haina ulinganisho na bei ya mkanda. Ikiwa umenunua kempa na huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, ubadilishe kwanza kabla ya safari yoyote.

Toyota haitengenezi kila kitu kwa mikono yake. Pampu za maji na klachi za magari yake nyingi hutoka Aisin, nozeli na plagi za kupashia joto Denso, sili NOK, beringi za gololi Koyo, NSK au NTN, beringi za krenki Taiho au Daido, na ringi za pistoni kampuni kama NPR, Riken na TP. Kipuri cha kampuni hizi katika boksi lake lenyewe mara nyingi huwa na ubora unaotosha kwa bei iliyo chini ya ile yenye jina la Toyota, mradi kiwe chake kweli. Suala la feki nitalirudia.

Kwa soko la wazi, Dar es Salaam ni Kariakoo na Gerezani. Nairobi ni Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Grogan, pamoja na maduka ya Industrial Area. Kampala ni soko la Kisekka. Ukikosa huko kote, jamaa au wakala wa mizigo aliyeko Sharjah anaweza kukutafutia katika eneo la viwanda la mji huo, ambako magari mengi ya Kijapani huvunjwa na kuuzwa vipande vipande. Unapoagiza kutoka Ghuba, uliza bei ya kipuri mpaka mlangoni kwako, ikiwa na usafirishaji, ushuru na gharama za kutoa mzigo bandarini. Silinda hedi ni nzito, na bei ya Sharjah iliyokuvutia inaweza kuzidi ya Kirinyaga ikishafika Tanga.

Ukituma mtu akununulie mjini, usimtume kwa maneno ya mdomo. Mpe picha nne: bamba la gari, namba ya injini, kipuri cha zamani kikiwa kimelala karibu na rula, na namba iliyochapwa juu yake. Dalali mwaminifu hufurahia picha hizo kwa kuwa zinamlinda na yeye pia.

Kukagua kipuri cha mtumba

Silinda hedi ya mtumba ndiyo kipuri ninachokiogopa kuliko vyote. Injini ya 1HZ iliyowahi kuchemka hupasuka nyufa ndogo kati ya vali na karibu na vile vyumba vidogo vya mwako, na iliyofungiwa tabo na fundi asiyepunguza dizeli hupata joto kubwa zaidi mahali hapo hapo. Kwa jicho, silinda hedi iliyooshwa na kupulizwa mchanga huonekana kama mpya. Usilipe fedha zote kabla haijapelekwa karakana ya mashine ikazibwa matundu ya maji, ikajazwa hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Viputo ndivyo vitakavyosema. Muuzaji akikataa kipimo hicho, ondoka. Pima pia unyoofu wake kwa rula ya chuma na fila (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), na uulize imeshasagwa mara ngapi, kwa kuwa kila usagaji huondoa chuma na kubadilisha nafasi ya vali.

Kwa nusu injini, omba kufungua sampu na angalau kofia moja ya beringi ya konrodi. Geuza kipande cha beringi uusome mgongo wake. Ukikuta STD, krenkshafti haijawahi kusagwa; ukikuta 0.25, imesagwa mara moja, 0.50, mara ya pili. Baadhi ya mafundi husema kwa inchi, yaani ten na twenti, na maana yake ni karibu sawa na milimita 0.25 na 0.50. Hapa ndipo mkasa mwingine hutokea: mtu huagiza beringi za standadi kwa sababu injini ni ya 1993 na "haijaguswa", zinafika, na krenkshafti ni ya twenti. Beringi na ringi ziagizwe baada ya kupimwa kwa maikromita na fundi wa mashine, wala si kabla, hata kama kusubiri huko kunalifanya gari likae juu ya mawe kwa wiki nzima zaidi. Vivyo hivyo kwa pistoni: bloku hutobolewa kufuata pistoni zilizopo mkononi, kwa hiyo usikubali bloku itobolewe 0.50 kabla pistoni za 0.50 hazijapatikana na kupimwa.

Pampu ya dizeli ya mtumba ipelekwe kwa fundi pampu mwenye benchi la kupimia, na nozeli zipimwe shinikizo na umbo la mpulizo. Pampu za 1HZ zina matoleo, na baadhi zina kifaa cha kurekebisha dizeli kwa miinuko. Linganisha namba iliyo kwenye kibati cha pampu.

Injini nzima ikibadilishwa, namba mpya iandikishwe: kwa Tanzania ni Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa Kenya ni mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA). Dai risiti na nyaraka za forodha za injini hiyo wakati wa kununua, kwa sababu miezi sita baadaye muuzaji huenda hayupo.

Feki

Bidhaa bandia za injini zimeingia kila soko nililolitaja. Boksi zuri si ushahidi. Nalinganisha vitu vitatu. Kwanza uzito: pampu ya maji ya feki mara nyingi ni nyepesi na feni yake ya ndani inayosukuma maji ni bati lililokunjwa pale ambapo ya asili ni ya kumiminwa. Pili maandishi: mtengenezaji wa kweli huchapa namba na nembo kwenye kipuri chenyewe, kwa mistari safi, na namba hiyo hukubaliana na ya boksi. Tatu kingo: gasketi na sili halisi hukatwa safi, mpira wake hauna mabaki wala harufu kali ya petroli. Ukijiridhisha kuwa umeuziwa bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) kwa Tanzania au Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia kwa Kenya, ukiwa na risiti. Mkanda wa taimingi bandia unaweza kumwacha mama na watoto porini usiku, na ndiyo sababu silichukulii suala hili kuwa dogo.

Kempa za Ulaya

Wasomaji walioko Ulaya, na wale walionunua gari kutoka kwa msafiri aliyechoka njiani, watakutana zaidi na Fiat Ducato, Peugeot na Mercedes. Kanuni ya familia ndiyo hiyo hiyo. Ducato ya kizazi cha kwanza, iliyoanza mwaka 1981, ina ndugu zake Peugeot J5 na Citroën C25, zilizojengwa kwa mwili mmoja lakini si lazima kwa injini moja. Dizeli ya Sofim ya lita 2.5 ilitumika katika Ducato, Iveco Daily na Renault Master, kwa hiyo anayekosa kipuri katika duka la Fiat na akauliza la Iveco huenda akakipata siku hiyo hiyo. Mercedes 207D ilitumia OM616, injini iliyomo pia katika gari dogo la 240D. Namba ya injini ya Mercedes huanza na tarakimu za aina yake, jambo linalorahisisha utambuzi.

Pale kipuri kisipokuwepo kabisa

Mwenye 2H au 3B atafika mahali ambapo namba sahihi inaandikwa na jibu linakuja kuwa haitengenezwi tena. Hapo karakana ya mashine huwa na thamani kuliko duka. Silinda iliyokwisha huwekewa slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani yake, na kurudishwa kipimo cha awali. Miongozo na viti vya vali huchongwa. Pampu ya maji hufunguliwa ikawekewa beringi na sili mpya. Vitu viwili havina jina la gari kabisa: beringi za gololi na sili. Beringi iliyoandikwa 6303 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 47 na upana 14, iwe imetoka kwenye alteneta ya Land Cruiser au kwenye mashine ya kusaga mahindi, na duka lolote la beringi litakupa. Zingatia tu aina ya kifuniko chake na daraja la joto. Sili nayo hubeba vipimo vitatu, yaani kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na kama ni ya krenkshafti angalia pia mshale wa upande wa mzunguko.

Siku kipuri kinapofika, kiweke mezani kando ya cha zamani kabla fundi hajatupa chochote. Hesabu matundu ya bolti, hesabu meno, pima vimo, geuza vyote viwili upande wa nyuma. Mkanda wa taimingi uhesabiwe meno yake kwa chaki, jino la kwanza likiwekewa alama. Tofauti ikionekana pale mezani, kipuri kinarudishwa dukani kikiwa safi na boksi lake. Kikishapakwa oili, hakuna muuzaji atakayekipokea.

Sisi tuna daftari gumu lililofungwa kwa mpira chini ya kitanda cha nyuma. Lina namba ya kila kipuri kilichowahi kuingia, tarehe, kilomita, duka, na mbele ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: volti 24, krenkshafti 0.25, silinda standadi.